Wanaoisafisha silikoni ili waichafue upya

Kwa miaka 130, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa huko Sèvres, kando ya Paris. Mizani ya sonara na mizani ya forodhani zote zilikuwa na ukoo wake pale. Wanasayansi walipoona umefika wakati wa kukistaafisha, kundi moja liliamua kupita njia ya kuhesabu: lipate kitu kisafi kupita kiasi, lihesabu atomi zake, kisha uzito utoke kwenye hesabu hiyo. Walichochagua ni silikoni.

Safari ya silikoni hiyo ilianzia St Petersburg, Urusi, kwenye mashine zinazozungusha gesi kwa kasi ya ajabu ili kutenganisha atomi nzito na nyepesi. Ni mashine za jamii ile ile inayotumika kurutubisha urani. Kutoka huko ikapelekwa Nizhny Novgorod ikageuzwa kuwa kitu kigumu, ikakuzwa kuwa fuwele moja mjini Berlin mwaka 2007, na mwishowe ikasuguliwa Australia hadi ikawa matufe ya kilo moja moja, kila moja likiwa na kipenyo kisichofika sentimita 10. Ufafanuzi mpya wa kilo ulipoanza kutumika tarehe 20 Mei 2019, vipimo vya matufe hayo vilikuwa sehemu ya ushahidi.

Fuwele ile haikuishia yote kwenye matufe. Vilibaki vipande, na vipande hivyo viligombewa na watu ambao hawana habari na mizani. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo: watafiti wa vifaa vya kwantamu, wengi wao vijana waliomaliza shahada ya uzamivu juzi, wanaofanya kazi kwa mikataba mifupi katika maabara za Sydney, Melbourne, Manchester, London na Vancouver. Ukisoma habari za kompyuta za kwantamu magazetini utakutana na majina ya kampuni kubwa na namba za kutisha. Hawa huwaoni. Kazi yao iko chini kabisa ya ngazi, pale ambapo mtu anaulizwa swali moja tu: je, unaweza kuweka atomi moja mahali ninapotaka?

Silikoni ya kawaida, inayotokana na mawe ya kwatzi, ni mchanganyiko wa isotopu tatu. Asilimia 92.2 ina uzito wa 28, asilimia 4.7 ina uzito wa 29 na asilimia 3.1 ina uzito wa 30. Kikemia zote ni kitu kimoja, na kiwanda cha chipu za simu hakina sababu ya kuzitofautisha. Lakini kiini cha silikoni-29 kina usumaku wake, mdogo sana, usiotulia. Silikoni-28 haina. Kwa mtu anayetaka kusikiliza usumaku wa atomi moja tu, hiyo asilimia 4.7 ni makelele yanayoziba masikio. Silikoni ya matufe ya kilo ilikuwa na usafi wa asilimia 99.995 wa silikoni-28.

Mwaka 2013, kundi la watafiti lililomhusisha Mike Thewalt wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, lilichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyofanya wengi wasome mara mbili. Wakitumia silikoni-28 iliyotokana na mradi ule wa kilo, waliweza kuhifadhi hali ya kwantamu katika viini vya atomi za fosforasi kwa dakika 39 katika joto la kawaida la chumba. Kwenye baridi ya heliamu ya majimaji, hali hiyo ilidumu saa 3. Katika fani ambayo kumbukumbu nyingi hupotea kabla hujapepesa jicho, dakika 39 ni umri wa mtu mzima. Lipo la kuongeza, maana taarifa nyingi za wakati ule zililiruka: jaribio lilitumia takriban atomi bilioni 10 kwa mpigo, zote zikiwa katika hali moja. Kudhibiti umati unaotenda jambo moja si sawa na kuzungumza na mmoja mmoja, na kompyuta hujengwa kwa kuzungumza na mmoja mmoja.

Fosforasi inaingiaje humo? Hapa hatuna budi kurudi kwenye misingi ya chipu.

Silikoni tupu hupitisha umeme kwa shida. Kila atomi yake ina elektroni nne za nje, na zote nne zimeshikana na majirani. Fosforasi inazo tano. Ukiingiza atomi ya fosforasi katika nafasi ya atomi ya silikoni, elektroni nne zitashikana na majirani na ya tano itakosa mwenza; joto la kawaida linatosha kuiachia itembee, na umeme ukapita. Boroni, yenye tatu, hufanya kinyume chake. Kwa kuchafua eneo hili kwa fosforasi na lile kwa boroni, wahandisi wamejenga kila transista iliyoko ndani ya simu yako. Uchafu huo wa makusudi hupimwa kwa jumla jumla. Hakuna anayejali atomi fulani imekaa wapi, ilimradi wastani uwe sawa.

Sasa shusha joto hadi sehemu ndogo tu ya digrii moja juu ya sifuri halisi, yaani karibu nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Elektroni ya tano haina tena nguvu ya kutoroka. Inabaki ikiizunguka fosforasi yake kwa umbali wa takriban nanomita 2.5, na ina spini, yaani usumaku wake wa asili, unaoweza kuelekea juu au chini, au kuwa katika hali zote mbili kwa pamoja mpaka utakapopimwa. Kiini cha fosforasi nacho kina spini yake. Kwa hiyo atomi moja iliyozikwa ndani ya silikoni inakupa kyubiti mbili, yaani vitengo viwili vya msingi vya kompyuta ya kwantamu: elektroni iliyo nyepesi kuamrishwa, na kiini kilicho kigumu kusahau. George Feher alikuwa ameshazipima spini hizi katika maabara za Bell, Marekani, miaka ya 1950, bila mtu yeyote kufikiria kompyuta. Mwaka 1998 Bruce Kane, aliyekuwa Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, aliandika katika Nature kwamba ukipanga atomi za fosforasi kwa mstari, zikiachana nanomita 20 au karibu na hapo, na ukaweka nyaya ndogo juu yake, unapata kompyuta ya kwantamu.

Karatasi ile ilikuwa fupi na ya kuvutia, na ilikuwa na tatizo moja kubwa: hakuna aliyejua namna ya kuitengeneza.

Fikiria mpishi anayechambua mchele mpaka haibaki hata chenga moja, kisha anachukua punje moja ya mtama, anaiweka katikati ya sinia pale pale alipopachagua, na kuifunika kwa mchele mwingine bila kuisogeza. Kuchambua ni kazi ya kuchosha, lakini inafanyika. Kuiweka ile punje na kuifunika ndiko kulikokula robo karne ya fizikia.

Sydney wenyewe walikwenda na sindano. Michelle Simmons, Mwingereza aliyehamia Australia na baadaye kutangazwa Mwaustralia wa Mwaka 2018, alichukua hadubini ya sindano iliyobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer huko IBM Zürich mwaka 1981, akaifanya kuwa chombo cha ujenzi. Kipande cha silikoni huchomwa ndani ya ombwe kali mpaka uso wake unakuwa safi kwa kiwango cha atomi. Kisha uso wote hufunikwa kwa haidrojeni, atomi moja juu ya kila silikoni. Ncha ya sindano, nayo nyembamba kiasi cha kuishia kwenye atomi moja, hupita juu ikibandua haidrojeni katika sehemu iliyochaguliwa, pengine atomi sita tu. Unabaki na dirisha dogo. Hapo huingizwa gesi ya fosfini, iliyo na fosforasi moja na haidrojeni tatu. Molekuli zake hunasa dirishani na kukataa kwingine kote. Ukipasha joto hadi nyuzi 350 hivi, fosforasi inaingia ndani ya uso na kuisukuma silikoni moja itoke. Kisha unaotesha tabaka jipya la silikoni juu yake, kwa joto la chini, ili usiiamshe ikahama.

Mwaka 2012 kundi la Simmons lilionyesha transista iliyosimama juu ya atomi moja ya fosforasi, iliyowekwa mahali pake bila kupotea hata kwa hatua zaidi ya moja ya fuwele. Mwaka 2019 wakaonyesha elektroni za fosforasi zikifanya operesheni ya kyubiti mbili ndani ya nanosekunde 0.8. Kwa unadhifu, sijaona kazi inayoipita. Lakini kila dirisha linachimbwa kivyake, kwa mkono wa mashine inayokwenda taratibu, na hiyo gesi yenyewe si mtiifu kila mara: wakati mwingine dirisha lipo sawasawa na fosforasi haikuingia. Ndiyo maana watu wa University College London, UCL, wamegeukia aseniki. Mwaka 2024 walichapisha kwamba kwa gesi ya aseniki wanaweza kuweka atomi moja moja kwa kiwango cha kukosea kilicho karibu na sifuri. Tofauti hiyo ya elementi moja, iliyoko mstari mmoja chini kwenye jedwali, ni matunda ya miaka ya watu kukaa mbele ya skrini wakihesabu vidoti vyeupe.

Njia ya pili ni ya kutumia nguvu. Viwanda vya chipu tangu zamani huchafua silikoni kwa kuifyatulia ioni: unachukua fosforasi, unaipa umeme, unaikimbiza kwa maelfu ya volti na kuipigisha kwenye silikoni. Inazama makumi kadhaa ya nanomita na kusimama. Viwanda hufyatua mabilioni kwa mabilioni. Watafiti wa kwantamu wanataka kufyatua moja, na kujua kwamba imeingia.

Manchester ni mahali panapoistahili kazi hii. Hapo ndipo Ernest Rutherford alipokuwa mwaka 1911 alipoeleza kwamba atomi ina kiini, na alifikia jibu hilo kwa kuangalia jinsi chembe zinavyodunda zikifyatuliwa kwenye bamba la dhahabu. Hapo pia, tarehe 21 Juni 1948, ndipo kompyuta ya kwanza yenye programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ilipofanya kazi. Leo chuo kikuu hicho kina chombo kiitwacho P-NAME, kinachoweza kulenga mwale wa ioni kwenye doa la nanomita kama 20 na kufyatua elementi mbalimbali, zikiwemo bismuthi na antimoni.

Tusogee karibu tuone. Kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, kimegandishwa kwenye kishikizi na kuingizwa chumba cha ombwe. Pampu zinanguruma mpaka hewa iliyobaki ndani haina maana. Upande wa juu kuna chanzo cha ioni, tone la metali iliyoyeyuka kwenye ncha kali, linalovutwa na umeme mpaka linachuruzika atomi. Sumaku na sahani za umeme zinachuja uzito unaotakiwa na kutupa mingine yote. Mtafiti anakaa nje ya chumba, mbele ya skrini mbili tatu. Anaupunguza mwale mpaka kwa kila mpigo matarajio ni chini ya ioni moja, maana akiruhusu zaidi zitaingia mbili. Mipigo mingi inapita mitupu. Ioni inapogonga, elektroni chache zinaruka kutoka kwenye uso. Kidaka kinazinasa, na kwenye skrini unatokea mchomo mmoja. Basi. Mwale unahamishiwa doa linalofuata.

Jumba la pili la kazi hii ni Melbourne, kwa David Jamieson na wenzake. Wao wamekifanya kipande chenyewe cha silikoni kuwa kidaka: ioni inapotua ndani, inasababisha mshtuko mdogo wa umeme unaosomwa na nyaya zilizochorwa juu yake. Mwaka 2022 walitangaza kwamba wanaweza kuitambua ioni moja ya fosforasi ikitua kwa uhakika unaofikia asilimia 99.85. Hiyo ni hesabu ya kuingia. Mahali itakaposimama ni habari nyingine, kwa sababu ioni ikiingia inagongana na atomi njiani na kuyumba kwa nanomita kadhaa, na hakuna shabaha ya nje inayoweza kuuondoa uyumbaji huo. Isitoshe, inapita ikivunja. Nyuma yake inaacha fuwele iliyovurugika, na yenyewe inaweza kukaa pembeni, nje ya nafasi halali ya fuwele, ambapo haifai kitu. Kwa hiyo sampuli inapelekwa kwenye tanuri, karibu nyuzi 1,000 kwa sekunde chache tu. Ukizidisha, atomi zinahama. Ukipunguza, majeraha hayaponi. Mapishi ya tanuri ni sehemu ya siri za kila maabara, ingawa karatasi zote huyaandika kwa sentensi moja.

Mwaka 2024 Manchester na Melbourne walitumia mwale huohuo kwa jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyoyasoma katika eneo hili. Badala ya kungoja silikoni-28 kutoka mbali, walichukua silikoni ya kawaida ya dukani na kuifyatulia silikoni-28 safi, nyingi mno, kwenye eneo dogo lisilofikia upana wa unywele. Ioni zikiingia zinamong'onyoa uso, atomi za zamani zinatoka na mpya zinachukua nafasi. Katika eneo lile silikoni-29 ilishuka hadi sehemu 2.3 kwa kila milioni. Richard Curry wa Manchester na Jamieson walikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba chombo kimoja kinaweza kusafisha kiraka na kisha, bila kuhama sana, kukichafua kwa atomi moja.

Umuhimu wake unaeleweka zaidi ukijua silikoni-28 ilikuwa inatoka wapi. Kwa miaka mingi maabara za Magharibi ziliitegemea Urusi, na baada ya Februari 2022 utegemezi huo ukawa mgumu kuutetea. Australia ilikuwa imeshaanza mradi wa kuitenga kwa miale ya leza. Na Afrika imo: Pretoria, mji wenye historia ndefu ya utaalamu wa kutenga isotopu, una kampuni iliyojiingiza kwenye silikoni-28. Huko Kigali nako, taasisi ya EAIFR, iliyoanzishwa mwaka 2018 chini ya mwavuli wa kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, inafundisha fizikia ya maada kwa njia ya hesabu za kompyuta. Hadubini za mamilioni ya dola ni ndoto kwa vyuo vyetu vingi, lakini kukokotoa atomi itakaaje ndani ya fuwele ni kazi inayofanyika popote penye umeme wa uhakika na kompyuta imara, na maabara zenye mashine huihitaji.

Atomi ikishakaa, inasomwaje? Kundi la Andrea Morello, katika chuo kile kile cha New South Wales, lilijibu mwaka 2010. Weka transista ndogo kando ya fosforasi, weka uga mkali wa sumaku, na urekebishe volti ili elektroni yenye spini ya juu iwe na nguvu ya kuruka kwenda kwenye transista huku yenye spini ya chini ikishindwa. Ikiruka, mkondo wa umeme unapanda kwa muda mfupi. Usipopanda mkondo, umepata jibu la pili. Mwaka 2014 kundi hilo likahifadhi hali ya kwantamu katika kiini kimoja cha fosforasi kwa zaidi ya sekunde 30, na Januari 2022 likatangaza usahihi wa asilimia 99.95 kwa operesheni ya kyubiti moja na asilimia 99.37 kwa mbili. Kwa wajuzi, kuvuka asilimia 99 ni kuvuka mto, kwa kuwa chini ya hapo hata njia za kusahihisha makosa hazikusaidii.

Mambo haya hayaendi siku zote kwa mpango. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, maabara hiyo ilikuwa inajaribu atomi ya antimoni, iliyo nzito kuliko fosforasi na yenye kiini chenye ngazi nane badala ya mbili. Walitaka kukiamrisha kiini kwa uga wa sumaku kutoka kwenye antena ndogo. Umeme ulizidi, antena ikaharibika. Kawaida sampuli ya namna hiyo hutupwa. Serge Asaad na Vincent Mourik hawakuitupa. Waliona kiini bado kinaitikia, tena kwa mpangilio usioelezeka kwa sumaku. Antena mbovu ilikuwa imegeuka chanzo cha uga wa umeme, na kiini kilikuwa kinafuata umeme moja kwa moja. Nicolaas Bloembergen alikuwa amelifikiria jambo hilo mwaka 1961. Uzuri wake ni kwamba umeme unaweza kuelekezwa kwenye atomi moja kwa waya mwembamba, wakati sumaku husambaa na kuwagusa majirani.

Mtu anayekaa na sampuli iliyoharibika mpaka usiku ni nani? Kwa kawaida ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti wa baada ya uzamivu. Profesa ana mikutano, maombi ya fedha na safari. Mafundi wanatunza pampu. Katikati yupo huyu mwenye mkataba wa miaka miwili au mitatu, ambaye ndiye anayejua kwamba friji la heliamu linapenda kuziba, na kwamba sampuli namba fulani iliungua upande wa kushoto. Kuzungusha sampuli moja kutoka kuchora hadi kupimwa kunaweza kuchukua miezi: chumba safi, kufyatua ioni, tanuri, kuchora nyaya, kuunganisha, kushusha baridi kwa siku kadhaa, na hapo ndipo unagundua kuwa waya mmoja haupitishi. Unarudi mwanzo. Fanya hesabu uone mara ngapi mzunguko huo unaingia ndani ya mkataba mmoja. Kisha kumbuka kwamba mwaka wa mwisho lazima pia utafute kazi nyingine, mara nyingi nchi nyingine, na kama hukuzaliwa huko, visa.

Vyuo husema mikataba mifupi huwapa vijana uhuru na uzoefu. Labda. Nionavyo mimi, inaifaa zaidi bajeti ya mradi kuliko kazi yenyewe. Ujuzi wa kuweka atomi haukai wote kwenye karatasi. Unakaa kwenye vidole na kwenye kumbukumbu ya mtu aliyeshindwa mara nyingi. Akiondoka unaondoka naye, na anayekuja anaanza kwa kuharibu sampuli alizoharibu mwenzake. Nchi zinazotangaza mikakati ya kwantamu yenye bajeti nene zingepata faida kubwa kwa kuwaajiri watu hawa kwa kudumu, hata ikibidi kununua hadubini moja pungufu.

Na tusidanganyane kuhusu umbali uliobaki. Kampuni zinazotumia saketi za metali zisizo na ukinzani zimekwishatangaza chipu zenye mamia ya kyubiti, hata zaidi ya elfu moja. Atomi ndani ya silikoni zinahesabika kwa vidole. Wanaoogopa kwamba kesho mashine za kwantamu zitavunja namba za siri za benki, kwa mbinu aliyoieleza Peter Shor mwaka 1994, wajue kwamba haitakuwa kesho, ingawa Marekani ilishatoa viwango vya usimbaji mpya Agosti 2024 na benki zingefanya vema kuvifuata mapema. Hoja ya watu wa silikoni ni ya muda mrefu: atomi zote za fosforasi zinafanana tangu kuumbwa, ni ndogo mno, zinakumbuka kwa muda mrefu, na viwanda vinavyojua kuchonga silikoni vipo tayari. Canada wameongeza hoja nyingine. Wanatumia kasoro iitwayo kituo cha T, yenye kaboni mbili na haidrojeni moja, inayotoa mwanga wa nanomita 1,326. Mwanga huo unapita kwenye nyaya za faiba zilizokwishazikwa chini ya miji, kwa hiyo atomi zilizo mbali zinaweza kuunganishwa bila kukaribiana.

Kati ya sindano na mwale, mimi ningeweka dau langu kwenye mwale. Sindano inaweka atomi mahali pake hasa, lakini inaandika herufi moja moja. Mwale unayumba kwa nanomita kadhaa, na kwa muda mrefu hilo lilionekana kuwa kasoro ya kuua, kwa kuwa elektroni mbili zikisogeana kwa hatua chache tu za atomi nguvu ya mawasiliano yao hubadilika sana. Kinachobadilisha hesabu ni kwamba viini havihitaji kugusana. Septemba 2025, kundi la Morello lilionyesha katika Science viini viwili vya fosforasi, vilivyofyatuliwa kwa ioni na kila kimoja kikiwa na elektroni yake, vikiunganishwa kikwantamu kupitia elektroni hizo vikiwa vimeachana kwa umbali unaofikia nanomita 20. Ndiyo namba aliyokuwa ameiandika Kane mwaka 1998, na ndiyo saizi ambayo viwanda vya chipu vinaifanyia kazi kila siku. Kazi ilifanyika Sydney. Ilipotoka, mwandishi wake wa kwanza, Holly Stemp, alikuwa tayari ameshahamia Marekani, mtafiti wa baada ya uzamivu katika chuo cha MIT.